Babu Alilazimishwa Kuuchimba, Yeye Analipwa Kuuziba

Saa moja kasorobo asubuhi, Ardelia Faulk yuko ndani ya maji hadi kiunoni, amekumbatia ubao wa mwaloni wa futi sita kana kwamba anacheza nao dansi. Suruali yake ya mpira inafika kifuani. Maji yanayomzunguka ni mekundu-meusi, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Anaupachika ubao kwenye nguzo mbili za chuma za lango, anaupanda kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili, na kuukanyaga mpaka unazama na kukaa sawasawa juu ya mwenzake.

"Sita," anasema, akihema. "Bado mmoja."

Nzi wa manjano bado hawajaanza kuuma; msimu wao ni Juni. Upande wa pili wa mtaro, dubu amepita alfajiri na kuacha nyayo kwenye tope. Ardelia anazitazama nyayo hizo kama mtu anavyotazama gari la jirani lililoegeshwa pale linapoegeshwa kila siku.

"Ubao ukishuka kwa urahisi, jua haujakaa," anasema. "Wale wa ofisini wanadhani kazi hii ni kufunga na kufungua. Waje basi. Suruali ya akiba ninayo kwenye pikapu."

Ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka kumi na tisa sasa amekuwa mhudumu wa malango ya maji ya Bodi ya Mitaro ya Bellamy, kwenye ukingo wa kinamasi cha Dismal, upande wa kijiji cha Hollin Neck. Ana malango tisa, pikapu moja inayowaka inapotaka, na mshahara wa dola kumi na sita kwa saa.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Mbao zikiwa langoni, maji yanabaki kinamasini. Mbao zikitolewa, maji yanakimbilia mtoni, na kinamasi kinakauka.

Kikikauka, ndipo balaa inapoanza. Chini ya miti ya saipresi na mierezi hakuna udongo wa kawaida. Kuna mboji: majani, mizizi na magogo yaliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza yakaisha. Ikiwa imelowa, mboji hiyo ni kama sifongo, inashika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Ikikauka ni kuni. Inawaka chini kwa chini, mahali ambapo hakuna mwali wa kuonekana, na mti wenye majani mabichi unaanguka wenyewe kwa sababu mizizi imeshageuka majivu.

Walioanza kukikausha hawakuwa wajinga wa mambo hayo. Walitaka mbao za mierezi, walitaka mashamba, na walikuwa na watu wa kuwachimbia bure.

Kwenye mdomo wa mtaro lipo bango la shaba, limeng'arishwa vizuri, linalosema kwamba mtaro huu wa maili sita ulichimbwa na Josiah Bellamy, bwana shamba, mtu wa maono. Ardelia hupita mbele ya bango hilo kila siku ya kazi.

"Bellamy hakushika koleo hata siku moja," anasema. "Viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtoto. Aliyechimba namjua. Ni wetu."

Aliyechimba, kwa simulizi za ukoo wa Faulk, aliitwa Mingo, mtumwa wa Bellamy. Ni babu wa vizazi saba nyuma. Alisimama majini kama anavyosimama Ardelia leo, ila yeye hakuwa na suruali ya mpira, hakuwa na mshahara, na jioni hakuwa na nyumba ya kurudi. Wenzake wanne walifia mtaroni na kuzikwa kwenye ukingo uleule waliokuwa wakiuinua kwa makoleo yao. Majina yao hayamo kwenye bango.

Mtaro ulipofika maili ya tano, Mingo aliingia kinamasini na hakurudi. Huko ndani, palipoinuka juu ya maji, waliishi watu kama yeye, waliowakimbia mabwana zao. Walijenga vibanda, walilima kidogo, walizaa. Mbwa wa wasakaji walipotea njia, na wasakaji wenyewe waliogopa nyoka. Mingo aliishi humo miaka kumi na mmoja. Binti yake alizaliwa kwenye kisiwa ambacho watu wa Hollin Neck mpaka leo wanakiita Kwa Mingo.

"Kwa hiyo mtu akiniambia kinamasi hiki hakikuwa na watu," anasema Ardelia, "namwambia mimi nimetoka wapi?"

Kuna mtu aliyemwambia hivyo, tena mbele ya kadamnasi. Lakini kwanza zilitoweka mbao.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tano. Ardelia alifika kwenye lango namba nne, lililo mpakani na mashamba ya kampuni ya Brantwell, akakuta mbao tatu za juu hazipo. Maji yalikuwa yanashuka kwa kelele kuelekea mtoni.

Alichonga mbao nyingine, akazipachika. Baada ya siku sita, zikawa hazipo tena. Akapachika nyingine. Wiki iliyofuata, vilevile.

Alimpigia simu msimamizi wake, Bwana Ogburn.

"Mbao zinaibwa, Bwana Ogburn. Lango la nne. Hii ni mara ya tatu."

"Bi Ardelia, nani aibe mbao zilizolowa?"

"Mtu anayetaka maji yaondoke. Angalia nani ana mahindi upande wa pili."

"Tusianze kutuhumu watu. Una uhakika ulizikaza?"

Ardelia anasema alikata simu. Miaka kumi na minane kazini, na mtu ambaye hajawahi kulowesha soksi anamuuliza kama anajua kukaza ubao.

Barua ya onyo ilifika Jumatatu. Ilisema mhudumu amezembea. Barua ya pili, katikati ya Agosti, ilimsimamisha kazi bila malipo mpaka uchunguzi ukamilike. Lango namba nne likabaki bila mtu, na mbao ziliponyofolewa safari hiyo hakukuwa na wa kuzirudisha.

Siku nne baadaye radi ilipiga mti wa saipresi maili moja ndani ya kinamasi.

"Radi hupiga Dismal kila kiangazi," anasema Ardelia. "Mti unawaka, unaanguka majini, basi. Safari hii ulianguka pakavu."

Moto ulikaa siku hamsini na moja. Ulikula ekari mia tisa, na mahali pengine ardhi yenyewe ilishuka futi tatu. Moshi wake haukuwa kama moshi wa kuni. Ulikuwa mzito, wa manjano, unanuka kama yai bovu, na ulilala chini kwenye paa za Hollin Neck kila asubuhi. Shule ilifungwa wiki mbili. Watu waliziba madirisha kwa mataulo yaliyoloweshwa.

Ofisi za Brantwell ziko maili ishirini na tano kutoka hapo, upande upepo unakotoka.

Mama yake Ardelia, Bi Ozella, mwenye miaka themanini na minne, alivumilia siku kumi na tatu. Ya kumi na nne alikutwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, midomo imebadilika rangi, akijaribu kuinua kikombe. Alilazwa hospitali siku tisa.

Ilikuwa Jumapili, mama yake akiwa bado wodini, Ardelia alipokuwa jikoni baada ya ibada akikaanga samaki. Binamu yake Junious, mtoto wa mjomba wake na dereva wa trekta wa Brantwell, alisimama mlangoni na kofia mkononi. Yaliyofuata wote wawili wanayasimulia sawasawa, ingawa Junious huyasimulia akitazama chini.

"Shangazi anaendeleaje?"

"Anapumua kwa bomba. Ingia ule."

"Sili, Dada Delia."

"Wewe? Tangu uzaliwe hujawahi kukataa samaki."

"Zile mbao," alisema Junious. "Nilizing'oa mimi."

Ardelia alizima jiko.

"Mara ngapi?"

"Zote. Mara nne."

"Nani alikutuma?"

"Nyapara wa shamba. Alisema bodi imeshakubali, karatasi tu ndizo bado. Alisema maji ya langoni yanapenya shambani, mahindi yanaoza mizizi."

"Na uliposikia nimesimamishwa kazi kwa uzembe?"

Junious alianza kuizungusha kofia mkononi.

"Nimekuuliza, Junious."

"Nina watoto watatu, Dada."

"Na mimi nina mama mmoja!"

Alichukua kikaango kilivyo, na samaki wake, na mafuta yake, akakirusha nje kupitia mlango wa nyuma. Mbwa wa jirani walikuja mbio. Kisha akamwonyesha binamu yake njia.

"Toka. Na ukirudi hapa, urudi na ubao."

Kikao cha hadhara kilifanyika Oktoba, siku chache baada ya mvua za kimbunga kuuzima moto ambao mamilioni ya galoni za maji ya helikopta yalishindwa kuuzima. Ukumbi wa bodi una viti sitini. Walikuja watu zaidi ya mia. Wajumbe watano wa bodi walikaa mbele. Hakuna hata mmoja wao anayeishi Hollin Neck, na hajawahi kuwapo mjumbe kutoka huko. Kwa kanuni za bodi hiyo, zilizoandikwa zaidi ya miaka mia iliyopita, kura za kuwachagua wajumbe huhesabiwa kwa ekari. Brantwell ina ekari elfu nne na mia moja. Kijiji kizima cha Hollin Neck, pamoja na makaburi, ni ekari mia mbili na kumi na mbili.

Wakili wa Brantwell alizungumza dakika arobaini. Alisema mbao za lango zilioza na kusombwa. Alisema ni jambo la kusikitisha kwamba mhudumu hakuziangalia. Mwisho akaweka ukutani picha ya ramani ya zamani, akasema tusisahau kwamba kabla ya mitaro mahali hapa palikuwa nyika ya maji, tupu, isiyo na mtu wala faida kwa yeyote.

Wananchi walipewa dakika tatu kila mmoja. Ardelia alisimama.

"Ubao wa mwaloni hauozi kwa siku sita," alisema. "Hilo ni la kwanza. La pili, umesema hapakuwa na watu. Hizo nukta kwenye ramani yako ni nini, bwana wakili? Hapo pameandikwa 'vibanda vya watoro.' Mtoro ni mtu. Wana wa watoro hao wako nyuma yako hapo, safu nne nzima, na wote wanakohoa. La tatu, nilizaliwa naona maji hayo. Kama mnataka kunifukuza, nifukuzeni kwa sababu nawasumbua. Msiseme sijui kazi yangu."

Mwenyekiti alikuwa anamwambia muda wake umekwisha pale mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Aliingia Junious, bado na sare ya Brantwell, ubao wa futi sita begani, tope likidondoka kwenye zulia.

"Bwana, huwezi kuingia na kitu hicho humu," alisema mwenyekiti.

"Si ndicho kinachozungumziwa?" alijibu Junious.

Aliulaza juu ya meza, mbele ya wajumbe. Ulikuwa mzima, mgumu, umelowa. Kwenye kichwa cha ubao palikuwa na herufi M iliyochongwa kwa tindo. Ardelia huchonga herufi hiyo kwenye kila ubao anaoukata, kwa ajili ya Mingo. Wenzake kazini wamemcheka kwa hilo miaka yote na kumwita Bibi Mbao.

"Nimeutoa kwenye yadi yetu," Junious alisema. "Kuna wenzake tisa. Tumezitandika kwenye tope zitusaidie kupita kwenda chooni. Nilizing'oa mimi, nilitumwa, na aliyenituma amekaa pale." Akanyoosha kidole.

Wakili aliomba mapumziko.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo haki ingetendeka. Sehemu yake ndogo ilitendeka. Mamlaka ya maji ya jimbo iliitoza Brantwell faini ya dola elfu kumi na mbili. Gharama za Bi Ozella hospitalini peke yake zilikaribia elfu kumi na nane, na Hollin Neck ina kaya sitini na tatu. Nyapara alihamishiwa shamba jingine la kampuni hiyohiyo. Junious alifukuzwa Ijumaa ya wiki ile, kwa kosa la kuondoa mali kwenye yadi bila ruhusa.

Ardelia alirudishwa kazini. Barua ilikuwa na mistari miwili. Ilisema onyo limefutwa. Neno samahani halikuwamo.

"Niliigeuza nyuma," anasema, "nikadhani labda wameliandika huko."

Ombi lake kwamba maili mbili za mwisho za mtaro zijazwe udongo wa mfinyanzi na kufungwa moja kwa moja lilipigiwa kura. Lilikataliwa, tatu kwa mbili. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtaro ni sehemu ya urithi wa kihistoria wa eneo.

Novemba, ardhi ilipopoa, Ardelia alitembea saa tatu hadi kisiwa cha Mingo. Wasomi wa chuo kikuu walikuwa wamepanga kuja kuchimba mabaki ya vibanda hapo mwaka huu. Walikuwa wamemwomba awaongoze. Alikuta shimo la majivu na mchanga mweupe. Mierezi yote ilikuwa imelala, mizizi ikitazama juu. Aliketi kwenye mmoja.

"Nililia," anasema, "halafu nikakasirika kwamba nalia. Watu wale walijificha wasipatikane, wakafanikiwa. Miaka mia mbili hakuna aliyewagusa. Wamechomwa mwaka jana, kwa sababu ya mahindi."

Bi Ozella yuko nyumbani sasa, na mashine ya oksijeni inayonguruma karibu na kochi lake usiku na mchana. Yeye ndiye aliyemsamehe Junious kwanza.

"Mwite mtoto wa kaka yangu," alimwambia Ardelia wiki ya Krismasi. "Aibu ameshaipata ya kutosha, na bomba la sinki linavuja."

"Mama, yule ndiye aliyekuweka kwenye mashine hiyo."

"Najua aliyeniweka. Najua na aliyemtuma. Wewe hasira zako zipeleke kule juu, usizimalizie kwa mtu wa kutengeneza sinki."

Junious alikuja, akatengeneza sinki, akabaki kula maharage na mkate wa mahindi. Siku hizi anafanya vibarua vya useremala. Ardelia anasema bado hajamaliza kumkasirikia, lakini mbao zake mpya anazikata Junious, na hakuna aliyemwambia achonge ile herufi. Anaichonga.

Saa mbili na nusu, ubao wa saba umeshakaa. Ardelia anapanda ukingoni, anavua suruali ya mpira na kumimina kikombe cha kahawa. Maji nyuma ya lango yameanza kupanda, polepole sana, yakiingia kwenye mashimo yaliyochimbwa na moto. Anapima kwa fimbo: inchi mbili tangu wiki iliyopita.

Kisha anatoa bahasha kutoka kwenye dashibodi ya pikapu. Baada ya moto, jimbo liliiamuru bodi iachie kiti kimoja kati ya vitano kipigiwe kura na kaya, kila kaya kura moja, bila kujali ekari. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Juni. Fomu za wagombea zinarudishwa kesho.

Brantwell nayo imeweka mtu wake: mhasibu aliyepanga nyumba Hollin Neck mwezi Februari.

"Ana haki," anasema Ardelia. "Majirani wamemkaribisha vizuri, wamempelekea na keki. Kura ndiyo hawatampelekea."

Akishinda, anasema, jambo la kwanza ni udongo wa mfinyanzi kwenye maili mbili za mwisho. Mjumbe mmoja kati ya wale watatu waliokataa amemwambia faraghani kwamba anaweza kubadili msimamo. La pili ni bango la shaba. Hataki ling'olewe, anataka pawekwe jingine kando yake, lenye majina ambayo Hollin Neck inayakumbuka, na nafasi tupu kwa ambayo haiyakumbuki. La tatu ni miche ya mierezi. Tayari ana mia nne nyuma ya nyumba, kwenye makopo ya maharage na ndoo za rangi, na mama yake huimwagilia kwa kadiri mrija wa oksijeni unavyofika.

Na akishindwa?

"Nina malango tisa," anasema. "Nitakuwa hapa."

Anaiweka fomu juu ya boneti na kuijaza kwa kalamu, taratibu, kwa herufi kubwa. Jina. Anwani. Miaka ya ukaazi: anaandika hamsini na minane, anafikiri, anaacha hivyohivyo. Kwenye mstari wa kazi anaandika mhudumu wa malango. Anausoma, anaukata kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake anaandika: naziba mitaro.

Anaikunja fomu, anaitia kifuani ndani ya shati ili isilowe, na kuwasha gari kwenda lango namba tano. Safari hii linawaka mara ya kwanza.